Gasketi Haiungui Yenyewe: Hotuba kwa Mafundi na Wenye Magari wa Bukavu

Hotuba hii ilitolewa Bukavu mbele ya mafundi wa magari, vijana wanaojifunza kazi, na baadhi ya wenye magari. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu wa kazi, ndugu zangu mafundi, vijana wetu mnaojifunza, na nyinyi baba zetu na mama zetu wenye magari ambao mmeacha shughuli zenu ili tukae pamoja: nawasalimu wote kwa heshima, na nawashukuru kwa kuitikia mwito.

Nimeombwa nizungumze juu ya kulasi, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, na juu ya gasketi inayolala kati yake na bloki, ule mwili wa injini wenye silinda. Nitalisema neno langu kubwa tangu sasa, ili hata atakayelazimika kutoka mapema aondoke nalo. Gasketi haiungui yenyewe. Gasketi huunguzwa. Kipo kitu kilichoiunguza, na fundi anayeweka gasketi mpya bila kukitafuta kitu hicho hajatengeneza gari; ameahirisha tu siku ya kuharibika kwake, na pesa za mwenye gari ameshazipokea.

Nalisema hili nikiwa na uchungu, kwa sababu katika mji wetu kazi ya kulasi imegeuka kuwa kazi ya kurudiarudia. Gari linafunguliwa leo, linafungwa kesho, na kabla miezi haijapita linarudi likivutwa kwa kamba. Mwenye gari anasema mafundi ni wezi. Fundi anasema gasketi za siku hizi ni mbovu. Ni kweli gasketi mbovu zipo sokoni, sikatai. Lakini je, kila inayoungua ni mbovu? Je, tumewahi kupima kabla ya kuilaumu?

Tuitazame kwanza kazi yenyewe ya gasketi, maana wengi tumezoea kuiona kama kizibo tu. Pale ilipo, inatenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa silinda, maji ya kupoza injini, na mafuta ya kulainisha. Katika injini ya petroli, shinikizo la gesi wakati wa mwako hufikia bar 50 na zaidi. Katika dizeli hupita bar 100. Umbali wa vidole viwili tu kutoka hapo yanapita maji ambayo shinikizo lake halifiki hata bar 2, na kando yake yanapanda mafuta kwenda kulainisha kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutolea moshi. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 1,500 ndani ya dakika hiyohiyo, na kila mara gasketi inasukumwa itoke mahali pake. Ni nini kinachoizuia? Si gundi. Si silikoni. Ni nguvu ya bolti inayobana nyuso mbili zilizonyooka. Nyuso zikipinda, au bolti zikilegea, gasketi haina mtetezi mwingine.

Ongezeni joto juu ya hayo. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Chukueni kulasi ya aluminiamu yenye urefu wa sentimita 40, iliyofungwa juu ya bloki ya chuma cha kusubu. Kutoka ubaridi wa alfajiri hadi joto la kawaida la kazi, tofauti ya nyuzi 70 hivi, kulasi hurefuka kwa zaidi ya milimita 0.6, wakati bloki iliyo chini yake hurefuka kwa milimita 0.3 tu. Mnajua jinsi mabati ya nyumba yanavyolia jua linapoyapiga asubuhi. Kulasi nayo inasogea hivyo juu ya bloki kila injini inapowashwa na kila inapozimwa, isipokuwa yenyewe haipigi kelele. Gasketi nzuri imetengenezwa ili ivumilie mwendo huo kwa miaka mingi. Haikutengenezwa ivumilie injini iliyochemka, kwa sababu hapo katikati ya kulasi panapata moto kuliko pembeni, aluminiamu inataka kurefuka lakini bolti zimeishika, na kwa kuwa haina pa kwenda, inajikunja. Ikipoa, hainyooki tena.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi, kabla hajagusa bolti hata moja, liwe hili: kwa nini injini hii ilichemka?

Kulikuwa na basi dogo la abiria lililokuwa likifanya safari za Bukavu na Uvira. Lililetwa garajini kwetu likiwa limeshabadilishiwa gasketi mara mbili mahali pengine, na dereva wake alikuwa amekata tamaa kabisa. Aliniambia, "Papa, hii gari ina laana. Ikishuka Kamanyola haina neno, lakini ikirudi, kabla ya kumaliza mlima wa Ngomo mshale wa joto unapanda wote." Siku ile hatukufungua kulasi. Tulianza na kifuniko cha radieta, na tulipokigeuza tuliona kwamba mpira wake wa kuzibia ulikuwa umekatika, na mahali pake pamezungushwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Tukauliza habari za themostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye radieta. Ilikuwa imeondolewa na fundi wa kwanza, ili eti maji yatembee vizuri. Tukafungua radieta na kuchungulia mirija yake kwa tochi: sehemu kubwa ilikuwa imezibwa na kutu iliyochanganyika na chokaa, kwa sababu basi lile lilikuwa likinywa maji ya ziwa kila siku.

Ndugu zangu, tukae kidogo hapo kwenye kifuniko cha radieta, maana kwetu hapa kina uzito kuliko mahali pengi. Ziwa letu la Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu nyingi ziko juu zaidi ya hapo. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100. Sasa themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na hufunguka kikamilifu karibu na nyuzi 95. Mnaona tulivyobanwa? Injini iliyo nzima kabisa, inayofanya kazi kama mtengenezaji alivyokusudia, iko kwenye ukingo wa kuchemka ikiwa maji yake hayajafungiwa. Kifuniko kizima, kile kilichoandikwa 0.9, yaani bar 0.9, huongeza shinikizo ndani ya mfumo na kupeleka kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi. Ni mpira mdogo ule, wenye upana wa sarafu, unaotupatia nyuzi hizo 20 za usalama. Nani kati yetu hukipima kifuniko cha radieta gari linapoletwa kwa gasketi? Na nani kati yenu wenye magari amewahi kununua kipya kabla cha zamani hakijamwaga maji barabarani?

Themostati nayo ina kisa chake. Kuitoa hakuponyi injini. Baadhi ya injini zina njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupitia radieta, na themostati inapofunguka ndiyo hiyohiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye radieta kamwe. Kwenye injini nyingine matokeo ni kwamba inafanya kazi ikiwa baridi mno, inakula mafuta mengi na kuchakaa mapema. Themostati iliyokwama hubadilishwa kwa nyingine nzima. Haitupwi na mahali pake kuachwa patupu.

Na maji ya ziwa: yana chumvi nyingi za madini zilizoyeyuka ndani yake, na yakichemka katika mirija ya radieta huacha ukoko unaozuia joto kutoka. Afadhali maji ya mvua yaliyochujwa kuliko maji ya ziwa, na bora kuliko yote ni maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kupoza inayozuia kutu. Dereva ambaye maji yamemwishia juu ya mlima, namwomba jambo moja tu: azime injini, asubiri ipoe hadi aweze kuweka mkono juu yake, ndipo atie maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa ndani ya injini inayowaka moto ni shoka juu ya kulasi.

Basi lile lilitengenezwa radieta, likapewa kifuniko kipya na themostati, na ndipo kulasi ikafunguliwa. Gasketi ya tatu ndiyo iliyokaa.

Kuna jambo jingine la mwinuko ambalo limewafanya wengi kuhukumu injini bila haki. Fundi anapima mgandamizo wa silinda, yaani shinikizo la hewa pistoni inapoibana, anapata bar 10, anafungua kitabu na kukuta kwamba injini nzima inapaswa kuwa na bar 12, naye anamwambia mwenye gari kwamba pistoni zimekwisha. Jamani, kitabu kile kiliandikiwa usawa wa bahari. Hapa kwetu hewa inayoingia katika silinda ni pungufu kwa takriban asilimia 15, na kipimo kinashuka kwa kiasi kama hicho hata injini ikiwa mpya. Tunachopaswa kukitazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda tatu zikisoma 10 na moja ikasoma 6, hapo kuna neno. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote mbili, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao. Ukiona pia maji yanapungua bila kuvuja nje, mapovu yanapanda kwenye radieta injini ikinguruma, bomba la juu la maji linakuwa gumu dakika chache baada ya kuwasha hata kabla injini haijapata moto, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya maziwa, basi umepata ushahidi. Fungua. Bila ushahidi, usifungue.

Sasa kulasi iko mezani. Tunafanya nini?

Hapa ndipo ninapoomba msikilize kwa makini zaidi, hasa nyinyi vijana, kwa sababu hapa ndipo kazi inapotofautiana na kubahatisha. Tunapima. Si kwa jicho. Si kwa kidole. Tunachukua rula ya chuma iliyonyooshwa kwa mashine, tunailaza juu ya uso wa kulasi uliokwisha kusafishwa, kwa urefu upande huu na upande ule, kwa upana, na kwa pembe zote mbili kama msalaba, na kila mara tunajaribu kupitisha chini yake vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa injini nyingi za petroli tunazozipokea, kibati cha milimita 0.05 kikipita, kulasi imekwisha kuvuka mpaka. Milimita 0.05 ni wembamba wa unywele wa kichwani. Ni nani mwenye jicho la kuona unywele ambao haupo?

Mama mmoja mfanyabiashara wa Kadutu alituletea Toyota Noah yenye injini ya 3S. Kila asubuhi ilitoa moshi mweupe, na kila jioni alitia maji. Tulipoinua kulasi, gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na juu ya alama ya kuungua palikuwa pamepakwa silikoni nene na fundi aliyetutangulia. Tuliweka rula. Kibati cha 0.05 kilipita katikati bila kugusa. Cha 0.10 kilipita. Cha 0.15 kilipita kikikwaruza. Mama yule alikuwa amesimama karibu na meza, mikono kiunoni, akidhani tunatafuta namna ya kumwongezea bei. Kijana wetu akampa kibati mkononi na kumwambia, "Mama, kipitishe wewe mwenyewe." Akakipitisha. Akakirudisha. Akakipitisha tena, akaangalia upande wa pili ambako hakikuingia kabisa, kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na fundi aliyepaka silikoni: "Sasa ile dawa nyekundu ilikuwa inaziba nini?"

Kulasi ikapelekwa kwa fundi wa mashine ili usawazishwe uso wake, naye alikuwa tayari kuikata mara moja. Tulimwomba asubiri. Kwa nini? Kwa sababu kulasi iliyopinda imepinda yote, chini na juu. Ukikata uso wa chini ukanyooka, vile vitako vinavyoshika kemshafti huko juu bado vimekunjika, na kemshafti iliyonyooka inalazimishwa kuzunguka ndani ya njia iliyopinda. Hula vitako vyake, na mara nyingine hukatika. Basi tukaiweka kemshafti mahali pake bila valvu, tukakaza vifuniko vyake kwa kipimo, tukajaribu kuizungusha kwa mkono. Ilikwama. Uamuzi ukawa umejifanya wenyewe: kulasi ile haikustahili kukatwa. Tulikwenda na mama yule kwa wauza vipuri kutafuta nyingine iliyotumika, na rula yetu tulikuwa nayo begani. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa inang'aa kama mpya, na tukaikataa palepale dukani. Muuzaji hakufurahi. Lakini mama alikwisha kujua cha kuangalia, na ndiye aliyemjibu.

Kukata kwenyewe kuna mipaka, na kila mtengenezaji huiweka yake. Kila unapopunguza kulasi, chumba cha mwako kinakuwa kidogo na mgandamizo unapanda. Katika dizeli hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa pistoni hupanda hadi kuchungulia juu ya uso wa bloki, na ndiyo sababu gasketi za dizeli nyingi huja katika unene tofauti, zikiwa na tundu au mkato pembeni wa kuzitambulisha. Mwenye kununua gasketi ya dizeli bila kuhesabu alama hizo ananunua bahati nasibu. Na uso wa bloki nao upimwe. Mara nyingi tunausahau kwa sababu hautoki ndani ya gari.

Nyufa nazo zitafutwe, hasa katika ule ukuta mwembamba ulio kati ya valvu ya kuingiza na valvu ya kutolea. Asiye na chombo cha kupimia kwa hewa na maji ya moto anaweza kuosha mahali hapo kwa mafuta ya taa, apanguse hadi pakauke, kisha apake unga wa chaki: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Njia hii haioni kila ufa, lakini imeokoa wengi wasifunge kulasi iliyokufa.

Juu ya valvu nitasema machache, si kwa sababu ni kazi ndogo, bali kwa sababu wengi wenu mnaifanya vizuri. Valvu ya kutolea moshi hupata moto wa nyuzi zaidi ya 700, na sehemu kubwa ya joto hilo huondoka kupitia kiti chake, ule ukingo inaoukalia, kila inapofunga. Kiti kikiwa chembamba mno, joto halipati njia na valvu inaungua. Kikiwa kipana mno, hakizibi na masizi yanakaa. Kwa injini nyingi tunazozishughulikia, upana wa milimita 1.0 hadi 1.4 ndio unaotakiwa. Baada ya kusaga, geuza kulasi, jaza vyumba vya mwako kwa mafuta ya taa, nenda ukanywe chai, kisha urudi uangalie kama yanavuja kwenye njia za hewa. Na kila valvu irudi kwenye kiti chake; kipande cha katoni kilichotobolewa na kuandikwa namba kinatosha.

Lakini kisa kimoja nikiseme. Mwenye taksi mmoja aliambiwa anunue injini nzima kwa sababu gari lake lilitoa moshi wa buluu. Tulimwuliza: moshi unatoka lini? Akasema asubuhi anapowasha, na tena akimaliza kushuka mteremko mrefu na kukanyaga mafuta. Akipanda mlima, hakuna moshi. Jibu lake lilikuwa limeshatueleza ugonjwa. Gari linaposhuka huku limezuiwa na gia, ndani ya njia za hewa panakuwa na mvuto mkubwa unaonyonya mafuta ya injini kupitia mipira ya shina za valvu iliyokauka. Dereva akikanyaga, mafuta hayo yanaungua yote kwa pamoja. Pistoni zilizochakaa zingetoa moshi hata akiwa anapanda. Injini haikununuliwa. Mipira ilibadilishwa, miongozo ya valvu ikapimwa, gari likarudi barabarani. Ndugu zangu, kuuliza swali hakugharimu chochote. Kutouliza kulitaka kumgharimu mtu yule taksi yake.

Sasa tunafunga. Na hapa nataka niwasifu vijana, kwa sababu kisa hiki ni chao. Kulikuwa na binti aliyekuwa akijifunza kazi katika garaji ya rafiki yangu. Bloki ilikwisha kusafishwa, gasketi mpya imelazwa, kulasi imeshushwa juu yake, na mzee wa kazi alikuwa amekwisha kushika ufunguo. Binti yule akasema kwa upole, "Papa, tusubiri kwanza. Hilo shimo la mwisho lina maji." Wengine wakacheka: maji kidogo katika shimo la bolti yana ubaya gani? Mzee hakucheka. Aliamuru kulasi iinuliwe, akapuliza shimo kwa hewa, na maji yaliyochanganyika na mafuta yakaruka hadi usoni mwake.

Ubaya wake ni huu: shimo la bolti halina mlango wa pili, na maji hayagandamiziki. Bolti ikishuka juu ya maji, ama ufunguo unasoma kwamba imekaza ilhali haijabana kitu, ama shinikizo la maji linapasua bloki. Kama binti yule angenyamaza, gari lile lingerudi baada ya wiki, na kila mtu angesema gasketi ilikuwa mbovu. Mzee yule alitumia heshima yake vizuri kwa kumsikiliza, na ningependa garaji zetu zote ziwe mahali ambapo kijana anaweza kusema "tusubiri" bila kuogopa kofi.

Bolti zenyewe zisafishwe nyuzi zake na zipimwe. Zile zinazokazwa kwa pembe hurefuka kila zinapokazwa, na zilizovuka kipimo cha mtengenezaji hazirudishwi. Zipakwe mafuta kidogo pale anapoagiza, kwa sababu bolti kavu hula nguvu ya mkono kwa msuguano na kuacha kulasi bila kubanwa. Zinapofunguliwa, injini iwe baridi na tuanze pembeni kwenda katikati. Zinapokazwa, tuanze katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Kwa injini ile ya 3S, kwa mfano, ni ufunguo wa kipimo hadi Newton-mita 49, ambayo ni kipimo cha nguvu ya kukaza, kisha kila bolti inaongezewa robo ya mzunguko. Tunaweka nukta ya rangi kwenye kichwa cha bolti ili tuone kwa macho kwamba robo hiyo imetimia. Mkono wa fundi, hata uwe wa miaka mingi, hauwezi kusoma Newton-mita. Gasketi hulazwa kavu, isipokuwa pale tu mtengenezaji anaposema vingine. Na nyuso zisisuguliwe kwa zile diski za kuchimba kutu: unga wake huingia katika njia za mafuta na kula beringi za chini.

Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemshafti, ukishawekwa, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na uhakikishe alama zote zimerudi, kabla hujagusa ufunguo wa kuwashia. Mafuta ya injini yabadilishwe hata kama yanaonekana safi. Hewa itolewe katika mfumo wa maji. Milima yetu inatusaidia hapa, maana gari likiegeshwa pua ikitazama juu, hewa hupanda yenyewe hadi kwenye mdomo wa radieta.

Nifikie ombi langu. Rula iliyonyooshwa kwa mashine, vibati vya kupimia, ufunguo wa kipimo, na kipima mgandamizo: garaji nyingi zilizo hapa hazina vyote hivi, na sizilaumu, kwa sababu vifaa vizuri ni ghali. Ninapendekeza tuvinunue kwa mchango, vikae mahali pamoja, na kila garaji iliyochanga iviazime kwa zamu na kutia saini daftarini. Nanyi wenye magari, nawaomba msiulize bei peke yake. Ulizeni mwonyeshwe gasketi ya zamani na mahali ilipoungua. Ulizeni kulasi ilisoma ngapi chini ya rula. Ulizeni ni nini kilichochemsha injini. Fundi aliyefanya kazi atafurahi kuwajibu.

Katibu amekaa mlangoni na daftari. Anayekubali kuchanga aandike jina la garaji yake kabla hajatoka, na Jumamosi ijayo tutakutana kuchagua watakaokwenda kununua. Asanteni sana kwa kunisikiliza.